Mtoto na chai ya nyumbani: umri gani, saa ngapi, na isikae na chakula gani

Ukiuliza kwenye familia yoyote ya kwetu kama mtoto anywe chai, kambi mbili zinajitokeza hapo hapo. Kuna waliotoka kliniki juzi wanasema marufuku kabisa, na kuna bibi anakuangalia tu afu anakwambia nyie wote nimewakuza kwa chai na mkate, mbona mmesoma mmemaliza. Mi naona wanagombana bure. Kikombe kidogo cha chai ya maziwa kwa mtoto wa darasa la tatu sio sumu, na chai ya rangi kwa mtoto wa miezi nane ni kosa hata ikiwa vijiko viwili. Kinachoamua ni umri wake, saa anayokunywa, na hasa hasa kilichopo kwenye sahani pembeni ya kikombe. Hicho cha mwisho ndo watu hawakiongelei kabisa na ndo nitakaa nacho sana hapa chini.

Hatua ya 1: anza na umri

Chini ya miezi 6 hakuna mjadala, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, ndo msimamo wa Shirika la Afya Duniani na ndo wanachosema kliniki zote. Chai ya rangi ya kusafisha tumbo, maji ya mchaichai ya kutuliza chango, yote hayo weka pembeni kwanza.

Miezi 6 mpaka miaka 2 bado jibu ni hapana, iwe chai iwe kahawa. Tumbo la huyu mtoto ni dogo sana, kila kijiko kinachoingia inabidi kiwe kimebeba kitu, na chai ya rangi imebeba maji na sukari basi. Kuna tabia ya kuloweka andazi kwenye chai mpaka lilainike afu unamlisha mtoto wa mwaka mmoja, anashiba haraka na analala na mama unapata nafasi ya kufua, naelewa kabisa kwanini watu wanafanya. Ila andazi hilo hilo ukililoweka kwenye maziwa kazi ni ile ile na mtoto anapata kitu cha maana. Na kama unataka kutamuisha kitu kwa asali, subiri atimize mwaka, kabla ya hapo asali ni hatari kwa mtoto hata ile ya Tabora safi kabisa.

Miaka 2 mpaka 5 mtoto asiwe na kikombe chake cha chai ya majani cha kila siku. Akionja kwenye kikombe cha baba yake Jumapili haina kesi, simaanishi umfukuze mezani. Cha kwake kiwe uji, maziwa, au mchaichai.

Kuanzia kama miaka 6 hapo ndo chai ya maziwa nyepesi inaweza kuingia, kikombe kimoja, asubuhi. Wakishafika sekondari wanaweza kunywa kama watu wengine ila kwa kiasi, na hao shida yao kubwa sio chai, nitarudi hapo.

Hatua ya 2: hesabu kafeini ya siku nzima

Kafeini ndo kile kitu kwenye chai na kahawa kinachofukuza usingizi, na watu wanahesabu ya chai tu wanasahau vingine. Kanada wameweka kiwango cha juu kwa mtoto kwa siku: miaka 4 mpaka 6 miligramu 45, miaka 7 mpaka 9 miligramu 62.5, na miaka 10 mpaka 12 miligramu 85. Hicho ni kiwango cha kutokuvuka, sio kwamba ukakitafute. Sasa weka pembeni yake vitu vya nyumbani: kikombe kikubwa cha chai ya rangi iliyokolea kina kama miligramu 40 mpaka 50, kahawa ya kuchuja inaweza kufika 95, soda ya kola ya kopo ina kama 34, na yale makopo ya kuongeza nguvu ya mls 250 yana kama 80.

Kwahiyo mtoto wa miaka mitano aliyekunywa kikombe cha chai ya rangi asubuhi na soda kwenye sherehe ya mjomba mchana, kashavuka. Na usiku hatalala, atakuwa anaruka kwenye kochi mpaka saa nne, nyie mnasema huyu mtoto ana vurugu kumbe mmemuwasha wenyewe. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 mpaka 12, na shule zetu hizi gari linapita saa kumi na moja na nusu asubuhi, piga hesabu mwenyewe anatakiwa awe kitandani saa ngapi. Ndo maana nasema asubuhi tu, ikishafika saa nane mchana majani na kola basi tena.

Yale makopo ya kuongeza nguvu ndo shida ya wa sekondari niliyosema, wanayanywa wakati wa mitihani wakidhani wanasoma zaidi. Madaktari wa watoto wa Marekani wamesema wazi kwamba hayana nafasi kabisa kwa watoto na vijana. Hapo hata mimi nakaa kambi ya marufuku.

Hatua ya 3: tenganisha chai na chakula cha damu

Hii ndo yenyewe. Majani ya chai yana kitu kinaitwa tanini, ndo inayokupa ule ukakasi kwenye ulimi ukinywa chai kali. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma, yale mwili unayotumia kutengeneza damu, yaliyopo kwenye maharage, kunde, mchicha, matembele au ulezi, inayashika na mwili unashindwa kuyachukua. Chai ikinywewa pamoja na chakula, madini yanayoingia mwilini yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo inafanya hivyo hivyo japo sio kwa ukali wa chai, na kakao pia. Usidhani maziwa yanaokoa, chai ya maziwa bado ni chai. Chuma cha kwenye nyama, maini na samaki hakisumbuliwi sana, ila tuseme ukweli, ni nyumba ngapi zinakula maini kila siku? Watoto wetu wengi damu yao inatoka kwenye maharage na mboga za majani, yaani hivyo hivyo ambavyo chai inaviharibu.

Na damu kwetu sio jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 mpaka 59 wana upungufu wa damu. Sisemi ni chai, malaria imo, minyoo imo, chakula kidogo kimo. Ila chai ni sehemu ambayo unaweza kuirekebisha leo bila kutoa hata shilingi.

Tena kuna jambo wengi hawalijui, unga wa ngano wa viwandani Tanzania unaongezwa madini ya chuma, ni sheria tangu 2011, Kenya nao wakafuata 2012. Maana yake hata lile andazi au chapati ina chuma ndani yake, serikali imehangaika kuiweka, wewe unaishushia na chai ya rangi kali.

Sasa kiutendaji unafanyaje? Usianze kupanga ratiba ya hospitali, hakuna mtu ataifuata. Angalia nyumba yako mlo upi ndo una maharage, dagaa au mboga. Kwa wengi ni mchana na usiku. Basi chai ikae asubuhi, na iwe mwiko kuonekana mezani mchana na usiku, mtoto akila wali maharage anywe maji. Ukitaka kumpa chai baada ya chakula subiri angalau saa moja, mbili ni bora zaidi.

Kama asubuhi kwenu ni chapati maharage, au kiporo cha jana, au uji wa ulezi, hiyo asubuhi chai ya majani hapana. Uji peke yake unatosha, sielewi kabisa ile desturi ya kumpa mtoto uji afu na chai juu yake. Chai ya maziwa iende na vitu kama viazi vitamu, mihogo, magimbi, asubuhi ambayo damu haitegemei hapo.

Na kuna zile siku mfuko umekauka, usiku ni chai na mkate au chai na wali wa mchana, zipo kwenye kila nyumba na hakuna haja ya kuona aibu. Siku hiyo toa majani weka mchaichai au tangawizi, rangi haitakuwepo lakini itakuwa ya moto na tamu na watoto watalala.

Upande wa pili wa hatua hii ni kuongeza badala ya kupunguza. Vitamini C inafungua mlango wa chuma, yaani kipande cha chungwa, embe, papai, pera, au kukamulia ndimu kwenye mchicha, kinasaidia mwili kuchukua zaidi. Mapera hasa, msimu wake yanaoza chini ya miti na watoto wanakula chipsi. Juisi ya ubuyu nayo nzuri ila nasema ubuyu mweupe wenyewe uliokorogwa nyumbani, sio ule wa kupakwa rangi unaouzwa kwenye vipakiti getini shuleni, ule ni sukari.

Na kama mtoto kapewa dawa ya kuongeza damu hospitali, usimpe kwa chai jamani. Watu wanafanya hivyo kwasababu dawa ina ladha ya chuma na chai inaiua ladha, matokeo yake unarudi baada ya mwezi wingi wa damu uko pale pale. Mpe kwa maji au juisi ya chungwa.

Hatua ya 4: pika chai ya mtoto kivyake

Chai ya watu wazima inakaa jikoni toka alfajiri, majani yamo ndani ya sufuria, kila anayeamka anaipasha tena. Hiyo ya saa tatu ni nyeusi hata ukiongeza maziwa inabaki na rangi ya matofali. Usimpe mtoto hiyo.

Kwa watoto wawili chukua maji kikombe kimoja, maziwa kikombe kimoja na nusu, iliki mbili umeziponda, kipande cha tangawizi, na majani nusu kijiko cha chai. Chemsha maji na viungo kwanza kama dakika tano, tangawizi hasa lazima ichemke kabla, ukiitia mbichi kwenye maziwa yanakatika. Mimina maziwa, yakianza kupanda ndo unatia majani, dakika moja tu, zima, chuja hapo hapo. Usiyaache majani yalale humo. Rangi inatakiwa iwe hafifu, mtu wa Kericho, kule kwenye mashamba ya chai Kenya, atakucheka lakini sio yeye unayempikia.

Mchaichai ni rahisi zaidi, kata majani matano sita nyuma ya nyumba, osha, funga fundo, chemsha dakika kumi. Hauna kafeini hata chembe. Unaweza kuuweka na mdalasini, au ukishapoa kidogo ukakamulia ndimu. Rosela pia haina kafeini na watoto wanapenda ile rangi nyekundu, ila ni chachu na hapo ndo sukari inapopata nafasi ya kuingia kwa fujo.

Hatua ya 5: sukari

Hapa kwa kweli ndo naona chai ina kosa kubwa kwa watoto wa mjini. Kijiko cha chai kimoja, kilichosawazishwa, ni kama gramu 4. Uingereza wanashauri mtoto wa miaka 4 mpaka 6 asizidi gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na wa miaka 7 mpaka 10 asizidi 24. Sasa angalia kijiko cha nyumbani kwako, kile kinachochotwa mpaka sukari inamwagika pembeni, mara tatu. Mtoto kamaliza ya siku kabla hajavaa viatu, na bado andazi lina sukari yake.

Usikate ghafla, atasusa. Kama anaweka vitatu, wiki hii viwili na nusu, vilivyosawazishwa kwa kisu, wiki ijayo viwili, endelea hivyo mpaka kimoja. Ongeza iliki na mdalasini kadri unavyopunguza sukari, harufu inadanganya ulimi. Na atie mtu mzima, bakuli la sukari lisikae mezani mbele ya watoto.

Hatua ya 6: kahawa

Ni fupi hii. Kahawa ingoje. Mtoto wa shule ya msingi hana sababu ya kunywa kahawa, ya unga wa kopo au ya kuchuja. Ila pia tuache kuwatisha kwamba watadumaa wakawa wafupi, hakuna ushahidi wa maana kwamba kahawa yenyewe inazuia urefu, kinachodumaza ni mtoto kukosa chakula na kuugua ugua. Ukimtisha kwa uongo siku akigundua hatakuamini na kwenye ya kweli.

Wanaokaa Pwani wanajua kijiwe cha kahawa jioni, mzee na dele lake, lile birika la kahawa, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata pembeni, na watoto wanazunguka zunguka. Wape kashata kipande, kahawa hapana, saa kumi na mbili jioni ndo saa mbaya kuliko zote. Na kwa ndugu zangu wa Bukoba, ile kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni usimpe mtoto mdogo, kwanza inaweza kumkaba, pili ni buni nzima anameza na kafeini yake yote.

Hatua ya 7: moto

Kabla ya tanini na kafeini, kinachopeleka mtoto hospitali leo leo ni chai kumwagika. Chupa ya chai isikae pembeni ya meza wala chini kwenye mkeka, kitambaa cha meza kinachoning'inia kitoe kabisa kama una mtoto anayeanza kusimama, na usinywe chai umempakata. Ya mtoto pooza mpaka uweze kuinywa wewe kwa mkupuo bila kupuliza. Hata kwa wakubwa, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinachangia saratani ya koo la chakula, kwahiyo kumzoesha mtoto chai ya kuunguza ulimi ni kumpa tabia mbaya ya maisha.

Akiungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida sio ya barafu, dakika 20. Vua nguo iliyolowa, kama imegandia ngozi iache. Dawa ya meno hapana, unga hapana, yai hapana, mafuta ya taa ndo kabisa hapana. Afu hospitali, hasa kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au pamevimba malengelenge.

Hatua ya 8: bibi, dada, na shule

Unaweza kupanga yote haya afu ukitoka kazini unakuta mtoto kapewa kikombe cha lita nzima. Bibi usimuendee na habari za tanini, atakwambia umesoma sana. Muendee kwa heshima na kwa jambo moja tu: "Mama, mjukuu wako damu yake kliniki wameikuta ndogo, nakuomba unisaidie, akila maharage asinywe chai, mpe maji, chai yake atakunywa asubuhi na wewe." Muachie chai ya asubuhi iwe yao wawili, hapo umempa na yeye kazi ya kulinda, na niamini bibi akishakabidhiwa jambo atalisimamia kuliko wewe mwenyewe. Kama damu hawajaipima usiseme wameipima, mwambie tu ndo wanavyofundisha siku hizi kliniki.

Dada wa nyumbani muonyeshe kwa vitendo, pika nae mara moja ile chai nyepesi, muwekee kijiko cha kupimia ndani ya kopo la sukari. Ukimwambia tu "usiweke sukari nyingi", nyingi yake na yako sio moja.

Shuleni huna mamlaka sana. Chai ya saa nne mara nyingi ni ya rangi na andazi, na ndo kimeshalipiwa. Ukiweza mfungashie tunda na chupa ya maji. Usipoweza basi hesabu kwamba kikombe chake cha siku amekunywa shule, nyumbani asubuhi mpe uji.

Hatua ya 9: kama ameshazoea

Mtoto aliyekuwa anakunywa vikombe vitatu kwa siku ukimkatisha siku moja atalalamika kichwa kinauma, atakuwa mkali, atasinzia darasani. Sio maigizo, mwili ulizoea kafeini. Toa kikombe cha usiku kwanza, baada ya siku kadhaa cha mchana, cha asubuhi kipunguzie majani taratibu huku maziwa yakiongezeka.

Wakati huo huo muangalie: viganja na ndani ya kope za chini vimepauka, anachoka haraka wakicheza, anakula udongo au anatafuna mchele mbichi, hizo ni dalili za damu kupungua na hapo usihangaike na vikombe tu, mpeleke kituo cha afya wapime wingi wa damu na waangalie na minyoo na malaria. Na akiharisha usimpe chai ya rangi ya kufunga tumbo, mpe maji ya ORS na zinki kama kliniki walivyoelekeza, na anayenyonya aendelee kunyonya.